Kuhema kwa Nguvu: Tuchore Mizani ya Damu Mchangani



Katika mikutano ya vikundi huku kwetu, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, kuna maneno mawili tunayoyasikia sana juu ya mgonjwa aliyezidiwa. La kwanza ni hili: "Anahema sana lakini hakohoi, kwa hivyo si kifua, atapoa tu." La pili ni la wale waliowahi kukaa na mgonjwa wao katika wodi ya mahututi: "Walimtoa damu asubuhi, wakamtoa mchana, wakamtoa tena jioni. Hiyo damu yote wanaipeleka wapi?"

Maneno haya mawili yanaonekana kama hayahusiani. Kumbe jibu lake ni moja, nalo ni asidi ya damu. Kikundi kikielewa jambo hili, kitajua mgonjwa gani hafai kulala nyumbani hata usiku mmoja, na hakitamtorosha mgonjwa hospitali kwa kuogopa sindano. Hakuna haja ya mashine ili kulielewa. Tunahitaji fimbo, jiwe moja na mchanga, na vitu hivyo Turkana havijawahi kukosekana.

Ndimu na magadi

Kila mtu anajua ladha ya ndimu, ya ukwaju ambao hapa twaita epeduru, na ya maziwa yaliyoganda. Ule ukali wa kuchachuka ndio asidi. Upande wa pili kuna magadi, majivu na sabuni. Hivi vinateleza mkononi na vina ladha ya uchungu-uchungu. Hivi ndivyo alkali. Ndugu zetu wa Kalokol wanajua kwamba maji ya Ziwa Turkana yana ladha ya magadi. Hayo ni maji ya alkali.

Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Denmark, Søren Sørensen, alitengeneza kipimo cha jambo hili kinachoitwa pH. Huanza sifuri na kwa kawaida huenda hadi 14. Maji safi ni 7. Ndimu ni karibu 2. Ziwa Turkana ni karibu 9. Na damu ya mtu mzima wa afya ni kati ya 7.35 na 7.45 tu. Tazameni jinsi nafasi hiyo ilivyo nyembamba! Tena msidhani hatua moja ya kipimo hiki ni ndogo. Kila hatua moja ni mara kumi. Damu ikishuka hadi 7.1 hivi, moyo huanza kulegea, akili huchanganyikiwa, na mgonjwa yuko hatarini.

Asidi inatoka wapi? Mwili ni kama jiko. Unachoma chakula ili upate nguvu, na kila jiko lina moshi. Moshi wa mwili ni hewa chafu, ambayo madaktari huiita kaboni dayoksaidi. Hewa hii ikiyeyuka ndani ya damu inageuka asidi. Kuna asidi nyingine pia. Malaria kali, upungufu mkubwa wa damu au maambukizi yaliyoenea mwilini yakifanya viungo vikose damu ya kutosha, viungo hivyo hutoa asidi. Ugonjwa wa sukari usiotibiwa huleta asidi. Figo zikishindwa kazi, asidi hubaki ndani. Na anayeharisha sana anapoteza ile "magadi" ya mwili, ambayo madaktari huiita bikaboneti. Hakuongezewa ndimu, amepunguziwa magadi, lakini mwisho wake ni ule ule.

Mwili una wafanyakazi wawili wa kuweka mizani sawa. Mapafu yanatoa hewa chafu, na yanaweza kubadilisha kazi yao kwa dakika chache. Figo zinatoa asidi na kulinda magadi, lakini zenyewe ni za polepole, huchukua saa nyingi hata siku kadhaa. Mfanyakazi wa haraka ni mmoja tu, yaani pumzi. Hapo ndipo tunapoweza kuona kwa macho yetu kitu kilichomo ndani ya damu.

Sasa tuchore

Fanyeni hivi katika mkutano wa kikundi. Mmoja achukue fimbo.

1. Chagueni kona. Kutoka hapo chora mstari kwenda kulia, urefu wa shibiri 6. Huo ni mstari wa hewa chafu. Kadiri unavyokwenda kulia, hewa chafu inazidi.

2. Kutoka kona ile ile chora mstari kwenda mbele yako, shibiri 6. Huo ni mstari wa magadi ya damu. Kadiri unavyopanda, magadi inazidi.

3. Kutoka kona ile ile tena, chora mstari wa tatu unaopita katikati kabisa ya hiyo miwili. Huo tuuite njia ya usawa.

4. Chukua jiwe, hesabu shibiri 4 kulia na shibiri 4 kupanda, uliweke hapo. Litakaa njiani barabara. Hilo jiwe ndilo mtu mwenye afya. Hospitalini zile shibiri 4 za hewa chafu huandikwa 40, na shibiri 4 za magadi huandikwa 24.

Kanuni ni rahisi. Jiwe likikaa kwenye njia, asidi na magadi zimelingana. Likiangukia upande wa chini wa njia, asidi imezidi. Likipandia upande wa juu, alkali imezidi. Jambo kubwa ni ulinganifu wa vitu viwili, si wingi wa kimoja. Ni kama mizani ya dukani. Huwezi kujua imelala upande gani kwa kutazama sahani moja.

Madaktari wa wodi za mahututi nao huchora hivyo hivyo kwa karatasi au kioo cha kompyuta. Hawatumii jiwe, hutia nukta.

Safari nne za jiwe

Safari ya kwanza: mtoto anayeharisha. Magadi inapotea. Tuseme imeshuka kutoka shibiri 4 hadi 2. Sogezeni jiwe. Limeanguka mbali chini ya njia. Mwili hauwezi kungoja figo, kwa hivyo mapafu yanaanza kazi. Mtoto anahema kwa kina na kwa haraka, anatupa hewa chafu nje, na jiwe linavutwa kushoto mpaka karibu shibiri 2 na nusu. Sasa liko karibu na njia, ingawa halijafika. Ule muhemo tunaouona ndio kamba inayolivuta jiwe.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapotuponyoka. Mtoto huyu anafanya kazi ngumu kama mtu anayechota maji kisimani bila kupumzika. Misuli ya kifua inachoka. Akichoka, muhemo unapungua, hewa chafu inarudi, na jiwe linateleza kulia na kuanguka tena. Mama anatazama anasema, "Afadhali, sasa ametulia." Lakini hajanywa, hajakojoa, hatazami mtu. Huko si kutulia kwa kupona. Kutulia kwa kupona huja pamoja na macho kuchangamka, kunyonya na kukojoa. Kutulia kwa kuchoka huja na usingizi mzito na mwili kulegea. Kwa macho vinafanana, lakini mchangani kimoja kinapandisha jiwe na kingine kinaliangusha.

Safari ya pili: pumzi dhaifu. Huyu ni mgonjwa wa nimonia aliyechoka, au mtu aliyepatwa na sumu ya dawa ya kuua kupe wa mifugo. Hawezi kutoa hewa chafu. Magadi iko shibiri 4 kama kawaida, lakini hewa chafu inajaa hadi shibiri 6. Jiwe limekwenda kulia, chini ya njia. Asidi imezidi, ingawa mgonjwa hahemi sana. Akikaa hivyo siku kadhaa, figo huongeza magadi na kulipandisha jiwe kidogo kuelekea njia.

Safari ya tatu: anayetapika sana. Tumbo lina asidi kali, na mwenye kutapika mfululizo anaitupa nje. Magadi inabaki nyingi. Jiwe linapanda juu ya njia, na mwili unapunguza muhemo kidogo ili kulishusha.

Safari ya nne: hofu na mshtuko. Mtu aliyepata habari ya msiba anaweza kuhema mbio mpaka vidole vinawasha kama sindano. Jiwe linakwenda kushoto, juu ya njia. Hofu ikiisha, linarudi. Lakini angalieni: msiseme "ni hofu tu" kabla mhudumu wa afya hajampima, kwa sababu kwa nje muhemo huu unafanana na ule wa asidi.

Mbona wanatoa damu tena na tena?

Mwaka 1952 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliingia kwa nguvu katika mji wa Copenhagen, Denmark. Hospitali ya Blegdam ilijaa watu walioshindwa kupumua. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliotibiwa kwa mashine za wakati ule, 27 walifariki. Madaktari walipima damu wakaona ile hesabu ya upande wa magadi iko juu sana, wakadhani damu ina alkali nyingi. Walikuwa wanatazama sahani moja ya mizani.

Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akasema hapana. Alisema wagonjwa hawa wamejaa hewa chafu kwa sababu hawapumui vya kutosha, yaani jiwe lao liko kulia. Tarehe 27 Agosti mwaka huo msichana wa miaka 12 alikuwa anakata roho. Alipasuliwa tundu kooni na kuwekewa mpira, na Ibsen akampulizia hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Msichana akaishi. Kisha wanafunzi wa udaktari, karibu 1,500, wakapeana zamu usiku na mchana kuminya mifuko hiyo kwa mikono. Vifo vikashuka chini ya nusu. Katika hospitali hiyo hiyo Poul Astrup akaendeleza njia ya kupima asidi na hewa chafu ya damu kwa wepesi, na wodi za mahututi za leo zina mzizi wake hapo.

Kwa hivyo, mgonjwa wenu akipelekwa kwenye wodi ya mahututi Eldoret au mahali pengine, ile damu inayotolewa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono ni kidogo, kwa kawaida chini ya nusu ya kijiko cha chai. Inauma kuliko sindano ya kawaida, kwa sababu mshipa huo uko ndani zaidi. Inawekwa kwenye mashine, na baada ya dakika chache wanajua jiwe liko wapi.

Na kwa nini warudie? Nukta moja inasema mgonjwa yuko wapi. Nukta mbili zinasema anakwenda wapi. Ukikuta nyayo moja ya ngamia aliyepotea hujui ameelekea upande gani, lakini ukipata ya pili na ya tatu unamfuata. Jiwe likirudi kuelekea njia, dawa inafanya kazi. Likizidi kuanguka, daktari anabadilisha matibabu kabla mwili haujaonyesha kwa nje. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, ikilinganishwa na asubuhi, imesonga upande gani?" Hilo ni swali zuri, na daktari atalijibu kwa furaha kuliko kelele za kukataa sindano.

Somo kutoka Kilifi

Si lazima kwenda Ulaya kwa mambo haya. Hapa Kenya, katika hospitali ya Kilifi, watafiti wamefuatilia watoto wenye malaria kali kwa miaka mingi. Mwaka 1995 walionyesha kwamba dalili mbili zinazotangulia vifo vingi ni akili kupotea na taabu ya kupumua. Mwaka 1996 walieleza kwamba kupumua kwa kina kwa watoto hao mara nyingi ni alama ya asidi katika damu. Maana yake ni kwamba mhudumu wa dispensari isiyo na mashine, ama mama aliyekaa chini ya mti, anaweza kuona alama ile ile kwa kutazama kifua.

Kuna jambo lingine. Vikundi vingi vinadai: "Mtoto amezidiwa, mwekeeni dripu haraka, ijae." Kati ya mwaka 2009 na 2011 utafiti ulifanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliomiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, walikufa karibu 10 na nusu kati ya 100 ndani ya saa 48. Wale ambao hawakumiminiwa hivyo, walikufa karibu 7 kati ya 100. Watoto wa kuharisha na wa utapiamlo mkali hawakuwa katika utafiti huo, na anayeharisha mpaka kukauka anahitaji kurudishiwa maji. Lakini tujifunze kwamba dripu si maji matupu, ni dawa. Mwacheni mhudumu aamue nani apewe, kiasi gani na kwa mwendo gani.

Kikundi kifanye nini?

1. Tazameni kifua. Mfunue mtoto nguo akiwa ametulia, bila kulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ama simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Tazameni pia kina cha pumzi, hasa kifua na tumbo vikipanda sana kama mtu aliyetoka mbio. Kama anakohoa ama hakohoi, asilale nyumbani. Kutofautisha nimonia na asidi ni kazi ya kliniki, yetu ni kumfikisha.

2. Msingoje "atulie". Muhemo ukipungua huku mtoto analegea, hanyonyi ama haamki, hiyo ni dharura kuliko mwanzo.

3. Anayeharisha apewe ORS mapema. Ile pakiti si chumvi na sukari peke yake. Ina sitreti, ambayo mwili unaigeuza kuwa ile magadi iliyopotea. Someni pakiti mjue ni ya maji kiasi gani, msiongeze wala kupunguza. Mtoto chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, na mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, polepole kwa kijiko. Kunyonya kuendelee. Kama pakiti hakuna, changanyeni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi. Huo unasaidia maji, lakini sitreti haina, kwa hivyo endeleeni kutafuta pakiti. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni.

4. Msimpe mgonjwa magadi wala majivu kwa kudhani yatapunguza asidi. Mchoro wetu ni wa kuelewa, si wa kutibia. Hata daktari haongezi bikaboneti bila kupima.

5. Mwenye ugonjwa wa sukari ama anayekunywa maji na kukojoa kupita kiasi huku anakonda, akianza kuhema kwa kina na pumzi yake kunukia kama matunda yaliyoiva sana, apelekwe siku hiyo hiyo. Mwaka 1874 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, ndiye aliyeeleza muhemo huu, na bado unaitwa kwa jina lake.

6. Wekeni mfuko wa usafiri. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni karibu kilomita 120, na kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu 300. Laga zikishuka maji, barabara hukatika. Kama kikundi kina mchango wa kila wiki, tengeni sehemu ndogo isiyoguswa kwa jambo lingine. Andikeni nani ana pikipiki, nani ana namba ya mwenye gari, na nani atabaki na watoto wengine na mbuzi. Kila jamaa ajiandikishe pia kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujaingia boma.

Tukumbuke pia kwamba matibabu ya mapema yanaokoa. Mwaka 2005 kipindupindu kiliingia kambi ya Kakuma. Watu 418 waliugua, na waliofariki walikuwa 4. Kipindupindu ndiyo ile safari ya kwanza ya jiwe, tena ya haraka kuliko zote. Maji na ORS vikifika mapema, jiwe linarudi njiani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Chora mizani. Weka jiwe la mtoto anayeharisha siku ya pili. Muhemo unalivuta wapi? Akichoka, linakwenda wapi?

2. Katika kijiji chetu, ni alama gani tunazotumia kusema "amepata nafuu"? Je, alama hizo zinatofautisha kupona na kuchoka?

3. Mgonjwa akizidiwa saa nane usiku leo, pikipiki ni ya nani, pesa ziko kwa nani, na ni nani atakayemhesabia pumzi njiani?

Swali la tatu lisiachwe bila majina. Yaandikeni katika daftari la kikundi kabla mkutano haujafungwa.